Kifundo cha mguu kilichovunjika: mwongozo kamili wa upasuaji kwa mtu mzima, kuanzia siku ya ajali hadi kutembea bila magongo

Maswali ninayoulizwa kuhusu kifundo kilichovunjika yanafanana sana. Mshono umefunguka wiki ya pili. Mguu ulivimba mpaka upasuaji ukaahirishwa. Skrubu imekatika kwa sababu mgonjwa alikanyaga kabla ya wakati. Mara nyingi upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, kilichoharibika ni siku za kabla yake au wiki za nyumbani baada yake.

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Dar es Salaam, na haya nawaandikia mgonjwa mwenyewe na ndugu anayemuuguza. Daktari aliyekupasua akikupa tarehe tofauti na za hapa, fuata zake. Yeye ameuona mfupa wako, mimi sijauona.

Shika jambo moja kabla ya hatua yoyote. Ngozi ya kifundo ni nyembamba, na chini yake hakuna nyama ya kuukinga mfupa. Uvimbe huivuta ngozi hiyo na kupunguza damu inayoifikia. Ngozi ikifa, chuma kinabaki wazi na vijidudu vinapata njia hadi kwenye mfupa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu uvimbe.

## Vitu vya kuandaa

Tafuta hivi mapema, hata kabla tarehe ya upasuaji haijapangwa:

- Mito miwili au mitatu migumu, au godoro dogo la kukunja, kwa ajili ya kuinua mguu.
- Magongo mawili yenye mpira mzima chini. Mpira ulioisha unateleza kwenye sakafu ya vigae.
- Kiti imara cha kuogea. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, tafuta pia kiti cha choo chenye tundu katikati. Fundi seremala wa mtaani anakitengeneza kwa urahisi.
- Mifuko mikubwa ya taka na mpira wa kufungia, ili plasta isilowe wakati wa kuoga.
- Barafu, na kitambaa kikavu cha kuizungushia.
- Kanga moja ya zamani, ya mazoezi.
- Mizani ya kupimia uzito, ile ya kusimama juu yake. Matumizi yake utayaona hatua ya 8.
- Bahasha moja ya kila kitu: picha za eksirei, barua ya rufaa, kadi ya bima, orodha ya dawa unazotumia. Kama ni ajali ya barabarani, weka humo nakala ya PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, maana utaihitaji kwenye madai ya bima ya chombo kilichokugonga.
- Mtu wa kukaa nawe wiki mbili za kwanza. Huyu ndiye wa muhimu kuliko vyote.

Kuhusu gharama, omba makadirio kwa maandishi na uulize waziwazi: je, vyuma vimo ndani ya bei hiyo au vinalipiwa peke yake? Mwenye bima aulize kama kibali kinahitajika kwanza. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ileile anayolazwa, asisubiri siku ya kuruhusiwa.

## Hatua ya 1: Tuliza mguu, usiukande

Umeanguka na bodaboda, umeteleza kwenye ngazi zenye maji, umekanyaga vibaya ukingo wa mtaro. Dakika chache baadaye atatokea mtu mwenye huruma na sufuria la maji ya moto. Mshukuru, na umkatalie.

Joto huleta damu nyingi zaidi mahali palipoumia, na uvimbe huongezeka. Kukanda husogeza vipande vya mfupa vyenye ncha kali, na vipande hivyo vinaweza kuitoboa ngozi kutoka ndani.

Fanya hivi: vua kiatu na pete za vidole vya mguu. Uache mguu ulivyo, usijaribu kuunyoosha. Zungushia mto laini au katoni iliyokunjwa, kisha funga kwa kanga juu na chini ya kifundo, si pale palipovunjika. Weka barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Usile chochote njiani, kwa sababu huenda ukahitaji dawa ya usingizi siku hiyohiyo.

Kwa usafiri, gari ni bora. Ikipatikana bajaji tu, kaa upandeupande kwenye kiti cha nyuma, mgongo umeegemea ubavu wa bajaji, na mguu umelazwa juu ya kiti chote ukiwa na mto chini yake. Anayekusindikiza atafute usafiri mwingine. Bodaboda hapana, mguu utaning'inia njia nzima.

Kujua kama ni kuteguka tu au ni kuvunjika, kuna kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, ambazo madaktari wanazitumia sehemu nyingi duniani. Bonyeza kidogo ukingo wa nyuma wa jicho la mguu, upande wa ndani na wa nje, kuanzia ncha ya chini kupanda sentimita 6. Kama mfupa wenyewe unauma, au kama mtu ameshindwa kutembea hatua 4 baada ya kuumia na bado anashindwa akifika hospitali, lazima apigwe picha.

Onyo. Hali mbili hazisubiri kesho. Ya kwanza ni kidonda juu ya mvunjiko, hata kikiwa kidogo kiasi cha tundu la sindano: huo ni mvunjiko wa wazi. Unahitaji antibayotiki ya mshipa ndani ya saa chache, chanjo ya pepopunda, na kusafishwa thieta. Funika kidonda kwa kitambaa safi, usitie spiriti, majivu wala dawa ya mitishamba. Ya pili ni mguu uliogeukia upande, ngozi imevutika mpaka inang'aa au imepauka. Hapo kiungo kimetoka mahali pake, na kinapaswa kurudishwa na daktari haraka, chini ya dawa, kabla ngozi haijafa. Mwambie mpokea wagonjwa neno kwa neno: "Dada, kifundo kimehama na ngozi imebanwa." Usikae kimya kwenye foleni.

## Hatua ya 2: Picha, na swali la kumuuliza daktari

Kifundo kinaundwa na mifupa mitatu. Tibia, mfupa mkubwa wa muundi, huteremka na kutengeneza jicho la ndani. Fibula, mwembamba wa upande wa nje, hutengeneza jicho la nje. Katikati yao hukaa mfupa wa tatu, talasi, ikibanwa kwa pande zote mbili. Juu kidogo ya kiungo kuna ligamenti ngumu zinazoishikilia tibia na fibula zisiachane.

Picha tatu zinahitajika: ya mbele, ya ubavuni, na ya mbele mguu ukiwa umegeuzwa ndani kidogo. Ukipewa mbili tu, uliza ya tatu. Hiyo ndiyo inayoonyesha nafasi kati ya talasi na mifupa inayoizunguka.

Ukikaa na daktari, swali la maana ni moja: "Dokta, mvunjiko huu umetulia au haujatulia?" Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama utapasuliwa.

Ripoti nyingi hutaja herufi za Weber. A maana yake fibula imevunjika chini ya zile ligamenti, na mara nyingi mvunjiko huo umetulia. B ni usawa wa ligamenti, na unaweza kuwa wowote kati ya hivyo viwili. C ni juu yake, na kwa kawaida haujatulia, kwa sababu ligamenti zimechanika. Ukivunjika jicho la ndani na la nje kwa pamoja, au ukingo wa nyuma wa tibia nao ukivunjika kipande kikubwa, au talasi ikionekana imesogea, jibu huelekea upasuaji.

Watu wengi hushangaa: mbona talasi imesogea kidogo tu, kwa nini nipasuliwe? Jaribio la maabara lililochapishwa 1976 lilionyesha kuwa talasi ikisogea milimita 1 kwenda nje, eneo la mifupa kugusana hupungua kwa takriban asilimia 42. Uzito wako wote unabaki kubebwa na sehemu ndogo, gegedu inalika, na maumivu ya kudumu yanaanza.

Mvunjiko uliotulia hauhitaji kisu. Hogo au buti la hospitali kwa takriban wiki 6 linatosha, na wengi huruhusiwa kukanyaga mapema. Usilazimishe upasuaji kwa sababu jirani alipasuliwa.

Kwa mzee wa miaka 60 na zaidi, muulize daktari pia kuhusu plasta inayofinyangwa kufuata umbo la mguu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016 ulilinganisha plasta hiyo na upasuaji kwa wazee wenye mvunjiko usiotulia, na baada ya miezi 6 matembezi yao yalikuwa karibu sawa. Baadhi ya waliofungwa plasta mfupa ulisogea na wakalazimika kupasuliwa baadaye, hivyo picha za kila wiki hazikwepeki. Lakini kwa bibi mwenye kisukari na ngozi dhaifu, hilo ni chaguo la kweli la kujadili.

Matibabu yanaweza kuanzia hospitali za Amana, Temeke au Mwananyamala, na mvunjiko mgumu ukapewa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, pale Upanga. Popote ulipo, usiondoke bila mguu kufungwa nusu plasta na bila kujua tarehe ya kurudi.

## Hatua ya 3: Kungoja uvimbe ushuke

Hapa ndipo wagonjwa wengi huharibikiwa, na ndipo ndugu hukasirika zaidi. "Wamemlaza siku 6 hawamgusi!" Siku hizo si za uzembe.

Kupasua ngozi iliyovimba ni kama kushona kanga iliyovutwa mpaka inakaribia kuchanika: uzi unakata, na kitambaa kinafunguka pembeni. Daktari mzuri hupasua saa za mwanzo kabla uvimbe haujakomaa, au hungoja. Kungoja kunaweza kuchukua siku 5 hadi 14. Zikipita wiki 3 mfupa huwa umeanza kushika vibaya, na kazi ya kuurudisha inakuwa ngumu.

Namna ya kuinua mguu ndiyo inayokosewa. Kukaa kwenye sofa na mguu juu ya stuli hakutoshi, kwa sababu kifundo bado kiko chini ya moyo. Lala chali. Panga mito kuanzia nyuma ya goti hadi karibu na kisigino, ili goti likunjike kidogo na kisigino kibaki hewani bila kugusa chochote. Kisigino kinachoegemea mto siku nzima hupata kidonda cha mgandamizo. Sasa angalia kutoka ubavuni: vidole vya mguu viwe juu kuliko pua yako. Kaa hivyo saa nyingi kadiri unavyoweza, inuka kwa kula na kwenda chooni tu.

Chezesha vidole kila saa, mara 20. Kunja na kunyoosha goti. Misuli inapofanya kazi, damu hurudi juu.

Malengelenge yakitokea usiyatoboe. Yenye maji meupe ni ya juujuu. Yenye damu yamekwenda ndani zaidi, na daktari atayaepuka wakati wa kuchagua mahali pa kupasua. Ngozi ikiwa mbaya sana au kiungo kikishindwa kutulia, unaweza kuwekewa kwanza vyuma vya nje, vile watu wanaviita antena, huku ngozi ikipona.

Utajua uvimbe umeshuka ukiona mikunjo midogo kwenye ngozi ya kifundo. Daktari akifungua plasta, mwombe akuonyeshe. Ngozi iliyokuwa inang'aa itakuwa imerudisha mistari yake ya kawaida. Mistari hiyo ndiyo ruhusa ya kisu.

Siku hizi za kungoja ndizo za kuacha sigara. Nikotini hubana mishipa midogo inayolisha ngozi, na wavutaji hupata matatizo ya mshono zaidi ya wengine. Mwenye kisukari aanze kupima sukari asubuhi na jioni na kuandika, kwa kuwa sukari iliyopanda huchelewesha kidonda na mfupa vyote viwili.

## Hatua ya 4: Usiku wa kuamkia thieta

Chakula kigumu kinakoma saa 6 kabla, maji meupe saa 2 kabla, isipokuwa umeambiwa vingine. Chai ya maziwa inahesabiwa chakula. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu wakati wa dawa.

Taja dawa zote, pamoja na za presha, za kisukari, za kuyeyusha damu, na za asili. Hii ya mwisho watu huificha kwa aibu. Baadhi ya mitishamba huongeza kutoka damu, na daktari wa usingizi hana njia ya kujua usipomwambia.

Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, uliza mambo manne: utapasua upande gani, utaweka nini, nitakanyaga lini, na madhara yapi yanaweza kunipata. Hakikisha mguu unaopasuliwa umewekwa alama kwa kalamu ukiwa macho.

## Hatua ya 5: Kinachofanyika ndani

Kwa wengi hutumika ganzi ya uti wa mgongo: unakuwa macho lakini kuanzia kiunoni kwenda chini huwezi kuhisi kitu. Antibayotiki hutolewa ndani ya saa moja kabla ya kupasua. Mara nyingi mkanda wa kuzuia damu hufungwa pajani.

Upande wa nje ngozi hufunguliwa kwa urefu, fibula hurudishwa kwenye urefu wake halisi, kisha hushikwa kwa bamba jembamba la chuma na skrubu kadhaa. Fibula ikibaki fupi hata kidogo, talasi hupata nafasi ya kuhama, ndiyo maana daktari hushughulika sana na urefu wake. Jicho la ndani kwa kawaida hushikwa kwa skrubu mbili. Mwishoni daktari huvuta fibula au kuusokota mguu akiangalia kwenye eksirei ya thieta. Ikiwa mifupa miwili inaachana, ataongeza skrubu moja au mbili zinazoiunganisha tibia na fibula, au kamba maalumu yenye vifungo.

Kazi nzima huchukua saa moja hadi mbili. Utatoka na nusu plasta nyuma ya mguu. Kabla hujaruhusiwa, omba picha ya baada ya upasuaji na uiweke kwenye bahasha. Uliza pia: "Nimewekewa ile skrubu ya kuunganisha mifupa miwili?" Jibu lake linabadilisha tarehe yako ya kukanyaga.

## Hatua ya 6: Wiki mbili za kwanza nyumbani

Rudia ulalaji wa hatua ya 3. Kanuni ninayowapa wagonjwa ni dakika 50 mguu juu, dakika 10 za shughuli nyingine, kwa kila saa ya mchana. Ukisimama, mguu unakuwa mwekundu au wa zambarau na unagonga. Hiyo ni damu inayoteremka, na inatulia ukilala.

Wageni watakuja kukujulia hali. Wapokee umelala. Adabu yetu inatusukuma kukaa vizuri mbele ya wakubwa, lakini sema tu, "Shikamoo mjomba, nisamehe nakupokea nimelala, dokta amekataza kuuteremsha mguu." Hakuna mzee atakayekasirika.

Joto la Dar ni adui wa plasta. Jasho hulowesha pamba, ngozi inawasha, na mtu anachukua kijiti au spoku ya baiskeli kujikuna ndani. Usifanye hivyo. Mkwaruzo mdogo chini ya plasta unaweza kuoza bila wewe kuuona. Elekeza feni kwenye mguu, na weka barafu juu ya plasta ikiwa ndani ya mfuko usiovuja. Wakati wa kuoga, kaa kwenye kiti, mguu ndani ya mfuko wa taka na ukiwa nje ya beseni.

Vipimo vya magongo: ukisimama wima, vidole viwili hadi vitatu vipite kati ya kwapa na gongo. Uzito ubebwe na viganja. Anayeegemea makwapa hubana neva na kuanza kufa ganzi mikononi. Kwenye ngazi, kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka magongo na mguu mgonjwa vinatangulia. Kama unakaa ghorofani Kariakoo na lifti haifanyi kazi, shuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine. Ni salama kuliko ushujaa.

Kula mayai, samaki, dagaa, maharage, maziwa na matunda. Supu ya mifupa ni tamu, lakini haizidi dagaa kwa kulisha mfupa. Dawa za maumivu zinywe kwa saa zilizoandikwa, usiongeze diklofenaki ya dukani juu ya zile ulizopewa, maana huumiza tumbo na figo. Kama umeandikiwa sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, maliza dozi.

Rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona lolote kati ya haya:

- Maumivu yanazidi kila saa licha ya dawa, na yanakuwa makali mtu akinyoosha vidole vyako.
- Vidole ni baridi, vimepauka au vimekufa ganzi. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2.
- Plasta inanuka, imelowa usaha, au una homa.
- Shavu la mguu, yaani nyama ya nyuma, limevimba na linauma.
- Pumzi inakata ghafla au kifua kinachoma. Huenda damu iliyoganda imefika kwenye mapafu. Hapa hata dakika 10 ni nyingi.

## Hatua ya 7: Kutoa nyuzi na kufungua kifundo

Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14, kwa wenye kisukari au ngozi dhaifu hata wiki 3. Mshono mzuri ni mkavu, kingo zimeshikana, hakuna wekundu unaosambaa. Ukiwa na sehemu yenye unyevu, usikubali nyuzi zitolewe kwa sababu tu siku zimefika. Muombe sista amwite daktari.

Ukiruhusiwa kuvua plasta au buti kwa ajili ya mazoezi, anza. Kaa kitandani, goti limenyooka. Pitisha kanga chini ya nyayo, karibu na vidole, shika ncha zote mbili na uvute taratibu mpaka uhisi shavu la mguu linavutika. Hesabu hadi 30, achia. Mara 5, asubuhi, mchana na jioni. Halafu, bila kanga, peleka mguu juu na chini, kisha andika herufi zote hewani kwa kidole gumba.

Mkazo wa kuvutika ni sawa. Maumivu makali kwenye mfupa si sawa.

Ukazie macho mwendo wa kuinua mguu kwenda juu. Ndio unaopotea kwanza na ndio utakaouhitaji kuchuchumaa, kupanda daladala na kusujudu. Hadi mwendo huo utakaporudi, sali umekaa kwenye kiti.

## Hatua ya 8: Kukanyaga

Miaka mingi jibu lilikuwa wiki 6 bila kugusa chini. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wengi, kuanza kukanyaga wiki ya 2 baada ya upasuaji hakukuleta matokeo mabaya kuliko kungoja wiki ya 6. Kwa hiyo usishangae daktari wako akikuruhusu mapema, wala usijiruhusu mwenyewe kwa kusoma hapa. Mwenye ile skrubu ya kuunganisha mifupa miwili, mwenye mfupa laini wa uzee, na aliyevunjika ukingo wa nyuma wa tibia, mara nyingi huambiwa angoje zaidi. Mwenye kisukari kilichoathiri neva za miguu anaweza kuongezewa muda hata mara mbili, kwa sababu hahisi maumivu ya kumwonya.

Nyumbani utasikia, "Mwanangu, mguu usipokanyagwa utakufa." Mama anasema kwa upendo. Mjibu, "Mama, naukanyaga siku ambayo picha itaonyesha," na umpeleke kliniki siku hiyo aione mwenyewe.

Ukiambiwa "kanyaga nusu" au "kilo 20", mizani inaingia kazini. Iweke sakafuni kando ya kitabu kizito chenye unene uleule. Simama na magongo, mguu mzima juu ya kitabu, mguu mgonjwa juu ya mizani. Teremsha uzito polepole mpaka mshale ufike 20, kisha funga macho na ujaribu kuhisi kilo 20 zikoje. Fungua macho uone umefika ngapi. Rudia mpaka unapata karibu kila mara. Watu wengi mara ya kwanza hukanyaga zaidi ya walivyoruhusiwa na wanaapa wamegusa tu.

Kila siku chache, kama ulivyoruhusiwa, ongeza. Ukifikia uzito wote, acha gongo la upande wa mguu mgonjwa kwanza. Gongo moja linalobaki linashikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hukosea hapa na kutembea wakiyumba.

Kigezo cha kuongeza ni asubuhi inayofuata. Uvimbe ukishuka usiku na maumivu yakitulia, hatua ya jana ilikuwa sahihi. Ukiamka bado umevimba kuliko jana, rudi nyuma kiwango kimoja kwa siku mbili.

Epuka mchanga laini wa uchochoroni na matope ya masika katika wiki hizi. Tembea kwenye saruji au lami, na viatu vilivyofungwa, si kandambili.

## Hatua ya 9: Kazi, gari, pikipiki

Wa ofisini anaweza kurudi baada ya wiki 4 hadi 6 kama atainua mguu chini ya meza na hatasimama kwenye basi la mwendokasi saa za msongamano. Mchuuzi, mbeba mizigo, fundi ujenzi: miezi 3 hadi 4, wakati mwingine zaidi. Omba barua ya daktari inayotaja kazi nyepesi kwa tarehe.

Kwenye magari yetu breki ni mguu wa kulia, na breki ya nyuma ya pikipiki nayo ni ya kulia. Utafiti wa 2003 ulionyesha uwezo wa kukanyaga breki hurudi kawaida takriban wiki 9 baada ya upasuaji wa kifundo cha kulia. Kabla ya hapo, na kabla ya kuvua buti, usiendeshe.

Jipime kabla ya kuanza kukimbia au mpira: simama mguu mgonjwa peke yake sekunde 30, kisha inua kisigino mara 20 bila kushika ukuta. Ukiishia mara ya 8, shavu la mguu bado ni dhaifu.

Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea miezi 6 hadi mwaka. Ukishuka ukilala, usikutie hofu. Ganzi ndogo juu ya mguu, upande usiokanyaga chini, nayo hutokea, kwa kuwa neva ya ngozi hupita karibu na mshono wa nje.

## Vyuma vitolewe?

Kwa wengi, hapana. Bamba na skrubu hubaki maisha yote bila tatizo. Hutolewa vikisugua kiatu, vikipata vijidudu, au vikiuma, na kwa kawaida baada ya mwaka mmoja mfupa ukiwa umekomaa.

Ile skrubu ya kuunganisha mifupa miwili inaweza kulegea au kukatika ukishaanza kutembea. Ikikatika baada ya ligamenti kupona, mara nyingi haina madhara na huachwa humohumo. Ikikatika mapema, au talasi ikionekana imesogea kwenye picha, mambo ni mengine kabisa. Ndiyo maana kliniki ya wiki ya 6 na ya 12 haipaswi kukosekana, hata kama unatembea na huumwi.